Kadi ya Bunduki ya Tandala

Daktari wa meno alikuwa na bunduki ambayo hajawahi kuifyatua hata mara moja, na hilo ndilo alilojivunia kuliko yote. Miaka kumi na tisa ilikaa kwake ndani ya kabati la chuma lenye kufuli mbili, na kila alipoitoa aliishika kwa glovu zile zile anazoingizia mikono vinywani mwa watu. Mkewe alikuwa akisema kwamba yeye angeshikwa hivyo walau wiki moja tu, angemsamehe mengi.

Ilikuwa bunduki ya risasi moja. Unavuta wenzo ulio chini, chuma kinafunguka, unatia risasi, unafunga, unapiga. Ukikosa umekosa, maana mnyama hatakusubiri upekue mfuko. Wawindaji wa siku hizi hawana haja nayo. Wakusanyaji ndio wanaozimezea mate bunduki za namna hiyo, na hii waliimezea mate zaidi kwa ajili ya nakshi. Kwenye kile kipande cha katikati kinachopokea risasi, ambacho mafundi hukiita kifua, upande wa kulia alisimama tandala dume amegeuza shingo kana kwamba kuna mtu amemwita. Upande wa kushoto kanga watatu walikuwa wakipekua ardhi. Palipobaki palijaa majani yaliyojisokota, jani juu ya jani, hadi ndani ya ile pete ya wenzo inayozunguka kifyatulio, mahali ambapo hakuna kinachofika ila kidole.

Jumatatu moja asubuhi daktari aliibeba mpaka kwenye karakana ilikochongwa. Mlango wa chuma, kengele, mlango mwingine wa chuma, kisha daftari la kuandika kila silaha inayoingia na inayotoka. Ndani palinuka mafuta ya mashine na vumbi la mbao. Karakana ilikuwa ya ndugu wawili. Kaka mtu alichonga vitako, ile mbao ya bunduki inayoegemezwa begani, na kupokea wageni. Dada mtu alitia nakshi. Kile chuma chembamba cha kukatia nakshi mafundi hukiita kalamu, na kwa kuwa hakuonekana bila kalamu mkononi au nyuma ya sikio, watu walimwita Bi Kalamu. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mkono wake wa kazi ni wa kushoto, ulimi wake mkali, na jino lake moja la nyuma daktari alikwisha kulitibu mara tatu bila mafanikio.

"Jino vipi?" daktari akauliza.

"Lipo. Linakusalimia."

Daktari akaiweka bunduki juu ya meza, akafunua kitambaa taratibu. Alikuwa na habari, na alikuwa ameifanyia mazoezi njiani. Watoto wake hawakutaka silaha nyumbani, wala hakuwalaumu. Kwa hiyo ameamua kuitoa kwa jumba la makumbusho, nao wamekubali kuipa kabati la kioo peke yake, karibu na mlango wa kuingilia. Alhamisi Mthamini wa jumba hilo atakuja hapa hapa karakanani kuithibitisha mbele ya warithi wa fundi.

"Na kutakuwa na kadi," akasema. "Kadi nzuri, ya maandishi makubwa. Nakshi yote kwa mkono wa Mzee wenu. Nyinyi mtatia sahihi tu."

Kaka mtu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mzee anaingia makumbusho! Aliyekuwa akifukuzwa shuleni kwa kuchora madawati!"

Bi Kalamu akasema ni habari njema. Alilisema vizuri tu, hata daktari hakugundua kitu. Lakini nakshi ile haikuwa ya Mzee. Ilikuwa yake yeye, kuanzia kucha za kanga mpaka ncha za pembe za tandala.

Mzee, baba yao, alikuwa fundi kwelikweli, na asije mtu hapa akasema vinginevyo. Alijulikana kabla binti yake hajajua kushika kijiko. Lakini mwaka ambao binti huyo alitimiza miaka ishirini na mbili, macho ya Mzee yalianza kuzimika. Ilikuwa presha ya macho, giza linaloanzia pembeni na kuja katikati polepole. Fundi wa bunduki asiyeona hunyang'anywa leseni, na leseni ile ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba nzima. Basi nyumba nzima ikafunga mdomo. Mzee akawa anakaa mbele kwenye kigoda chake, kalamu mkononi, akipiga soga na wateja na kupuliza unga wa chuma ambao hakuutoa yeye. Nyuma ya pazia binti alikuwa akikata.

Shida ilikuwa mkono. Ukikata kwa mkono wa kulia kalamu huinama kidogo, ukuta mmoja wa mkato ukalala, na mwanga ukipita juu yake kivuli hukaa kushoto mwa mstari. Ukikata kwa kushoto, kivuli huhamia kulia. Mpita njia haoni tofauti hiyo hata ummulikie taa. Mkusanyaji anaiona. Mzee, ambaye yeye mwenyewe alikuwa haoni tena hata hiyo taa, ndiye aliyepata dawa yake. Alimfundisha binti yake kuligeuza jiliwa lililobana chuma, akate kila mstari kutoka mwisho kuja mwanzo, jani kutoka nchani kuja shinani, pembe kutoka juu kuja kichwani. Kwa njia hiyo kivuli kilirudi kushoto, na mkono wa kushoto ukawa wa kulia.

Miezi kumi na minne alikata kinyumenyume. Kila jioni Mzee alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kazi ya siku ile na kusema, hapa rudia, hapa umeogopa, hapa pazuri. Ni ndani ya pete tu ndiko jiliwa lilikogoma. Pete ilikuwa nyembamba, kalamu iliingia kwa upande mmoja peke yake, kwa hiyo majani ya humo aliyakata kama alivyozaliwa, kwa mkono wake na kwa mwelekeo wake. Alimweleza Mzee. Mzee akaingiza ukucha, akapapasa, akautoa.

"Nani atachungulia humo?" akasema, na yakaisha.

Miaka thelathini na mitatu ilikuwa imepita tangu siku hiyo. Mzee alikuwa amezikwa miaka kumi na mmoja, na kazi zilizotoka karakanani mpaka leo zilipigwa muhuri wake, maana wateja walikuja kwa ajili ya muhuri. Bi Kalamu alikuwa ameizoea hali hiyo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Lakini kadi ilikuwa jambo jingine. Bunduki ya tandala ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Hakuwahi kuifikia tena, wala kwa umri wake hakutarajia kuifikia. Ikishawekwa nyuma ya kioo na jina la mtu mwingine chini yake, ndiyo imetoka hiyo. Alitaka jina lake, na alilitaka mpaka usingizi ukamkataa.

Jumanne aliifungua bunduki yote, skrubu moja baada ya nyingine, kila moja akiipanga kwenye kibao chenye matundu yenye namba. Alimwambia kaka yake kwamba anaisafisha. Ukweli ni kwamba alikuwa akitafuta. Siku ile kazi ilipomalizika, Mzee alijifungia nayo nusu saa nzima, akaifunga mwenyewe kwa kupapasa. Tangu hapo Bi Kalamu alikuwa na wazo ambalo hakumwambia mtu: kwamba mle ndani, mahali pasipoonekana, Mzee ameacha kitu kwa ajili yake. Herufi moja. Nukta. Chochote ambacho siku moja kingesema, huyu alikuwepo.

Alikitoa kitako, akatazama chini ya ukanda wa chuma unaokishika. Palikuwa na muhuri wa Mzee. Akalitoa fungu la kifyatulio, akageuza kifua, akawasha taa ya mezani. Palikuwa na muhuri wa Mzee tena, umepigwa kwa nguvu zaidi. Mara mbili! Mzee hakutaka ugomvi na mtu.

Bi Kalamu alicheka peke yake, kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa kitambaa cha mafuta, na hapo macho yakamwasha kweli.

"Unalia?" kaka yake akauliza kutoka kwenye benchi lake la mbao.

"Mafuta."

"Mafuta ya nini? Nakujua mimi."

Akamwambia. Alisema Alhamisi hatatia sahihi kwenye uongo, kwamba kazi ni yake na amechoka kuwa pazia. Kaka mtu aliweka tupa chini.

"Mdogo wangu, umerogwa? Mtu yuko kaburini, mwache apumzike na jina lake. Mbona hicho kitako ni changu, jina langu halimo popote, na nalala usingizi mzuri?"

"Kitako watu wanakiegemeza begani, Kaka. Hawakisomi."

"Haya, tukana. Na wateja? Wakisikia kwamba Mzee alikaa hapo mbele miaka yote hiyo haoni, anauza maneno, watatuonaje? Watatuita matapeli, na hawatakuwa wamekosea."

Hilo lilimuuma, kwa sababu hata yeye alikuwa amelifikiria. Kaka yake akaokota tupa, akaendelea na kitako chake kwa hasira, mpaka akakwangua mahali pasipostahili na kulazimika kuanza upya upande huo.

"Kamuulize Mama," akasema hatimaye. "Mama akikubali, mimi ni nani?"

Mama yao alikuwa na miaka themanini na mitatu, na kazi yake siku hizi ilikuwa kufumua masweta ya zamani na kuukunja uzi uwe vitufe, mabonge madogo ya duara. Hakuna aliyejua vitufe hivyo ni vya nini. Bi Kalamu alimkuta sebuleni, sweta la kijani magotini, akamsalimu, akakaa kwenye mkeka miguuni pake na kumweleza yote tangu kabati la kioo hadi kadi.

"Subiri nife," Mama akasema.

"Mama, uliniambia hivyo nikiwa na miaka thelathini. Ukizidi kuchelewa tutaondoka pamoja."

Mama akacheka mpaka uzi ukamponyoka. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi ndiye niliyemtia dawa machoni, asubuhi na jioni. Mimi ndiye niliyehesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye kigoda, nikamkaririsha kama mtoto. Mkaguzi wa leseni alipokuja nilisimama nyuma ya baba yako nikimfinya mgongoni, ajue mkaguzi yuko upande gani amtazame usoni. Mgongo wake ulikuwa na alama. Yote hayo ili asiaibike. Leo uende ukamvue nguo mbele za watu?"

"Simvui nguo zake. Natafuta zangu."

Mama alivuta uzi, mkono mmoja wa sweta ukapungua taratibu mpaka ukaisha. Bi Kalamu akaaga akaondoka, na njia nzima alikuwa akijitetea kimoyomoyo kwa maneno makali ambayo hakuyasema.

Usiku wa kuamkia Alhamisi alifikia uamuzi ulioonekana wa busara. Hatasema neno. Mthamini ni mtaalamu, ana lenzi, na atatazama kila mahali, pamoja na ndani ya pete. Ataona kivuli kimehamia kulia. Atauliza mwenyewe. Basi aliyemvua Mzee nguo atakuwa Mthamini, na yeye atakuwa amejibu swali tu. Binti wa watu alijiona mjanja sana.

Mthamini alifika saa nne kamili, amenyooka, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Alikuwa mtu mwenye adabu na mwenye kuipenda kazi yake, na alikuwa ameandika kijitabu kuhusu nakshi za Mzee, chenye picha kumi na mbili. Bi Kalamu alikuwa nacho. Alikuwa amekisoma mara nyingi kuliko mwandishi wake, maana katika picha hizo kumi na mbili, tisa zilikuwa kazi zake. Kijitabu kizima kilieleza jinsi mkono wa Mzee unavyotambulika kwa kivuli kinachokaa kushoto, na kilieleza kwa ufasaha mkubwa.

"Binti wa Mzee mwenyewe," Mthamini akasema akimpa mkono. "Una bahati kukulia karibu na mikono ile."

"Nilikuwa karibu sana," Bi Kalamu akasema.

Daktari alikuwapo, amevaa koti lake jeupe na glovu kwa sababu ametoroka wagonjwa wawili. Kaka mtu alisimama kando akifuta mikono ambayo ilikwisha kuwa safi. Mthamini aliibana lenzi jichoni, akaanza na tandala. Alikwenda polepole, akisema kwa sauti kama anayeandikisha. Shingo, kivuli kushoto. Pembe, kivuli kushoto. Akageuza. Kanga wa kwanza, kushoto. Wa pili, wa tatu, kushoto. Majani yote, kushoto. Dakika arobaini zilipita, na Bi Kalamu alijikuta anafurahia, maana hakuna mtu aliyewahi kuitazama kazi yake kwa muda mrefu namna ile.

Kisha akafika kwenye pete. Akaelekeza lenzi, akainamisha kichwa, akakigeuza, akapiga goti. Lenzi haikuingia, na uso wa mtu hauwezi kuingia penye upana wa vidole viwili.

"Sitaki kuacha sehemu," akasema. "Niandike nimeona yote na hili sijaliona?"

"Ngoja," daktari akasema, na macho yake yaling'aa. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kile kioo chake cha meno, kiduara kidogo chenye mpini mwembamba. "Hiki kinaona magego ya mwisho. Hiyo pete itakishinda?"

Akakiingiza mwenyewe, akawasha taa ndogo, akamwita Mthamini. Vichwa viwili vikagusana juu ya bunduki. Bi Kalamu alishika ukingo wa meza. Miaka thelathini na mitatu, na sasa kuna mtu anachungulia humo.

"Kivuli kushoto," Mthamini akasema.

Akasogeza kioo. "Kushoto. Kushoto kote! Mkono mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Sijawahi kuona kazi safi namna hii."

Bi Kalamu alidhani amesikia vibaya. Mikato ile aliikata yeye na aliijua kama anavyoijua mikunjo ya viganja vyake. Kisha akakitazama kile kiduara mkononi mwa daktari, akaelewa. Kioo hugeuza. Kilichoko kulia hukileta kushoto. Daktari alikuwa amefanya kazi ndani ya kioo miaka mingi hata alikuwa haoni tena kwamba ni kioo, na Mthamini alikuwa ameona kile alichokipenda, akaacha kufikiri.

Kaka mtu pia alielewa, maana alikulia humo humo. Alimtazama dada yake na kushusha pumzi ndefu. "Yameisha, mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Bahati ya Mzee hiyo."

Mthamini alikuwa amekwisha kutoa fomu. Alijaza mistari miwili, akaigeuza fomu na kumsogezea Bi Kalamu pamoja na peni. Nakshi yote kwa mkono wa marehemu. Hapo chini palikuwa na nukta nyingi za kuweka sahihi.

Aliishika peni. Sasa hakukuwa na mtaalamu wa kusema kwa niaba yake. Chuma chenyewe kilikuwa kimetoa ushahidi wa uongo. Akinyamaza, basi Mama atafumua masweta yake kwa amani, kaka yake atapata wateja, daktari atapata kabati lake karibu na mlango. Wote watafurahi, na wote aliwapenda. Alijaribu kuandika. Mkono wake wa kushoto ulikataa katakata, ukabaki hewani juu ya zile nukta.

"Hicho ni kioo," akasema.

"Naam?" Mthamini akauliza.

"Umeangalia kwa kioo. Kiweke mbele ya tandala, uangalie tena."

Mthamini alitabasamu kwa adabu, akakichukua kioo, akakiweka ubavuni mwa tandala. Tabasamu likaisha. Akakitoa, akatazama kwa lenzi, akakirudisha. Daktari akakitazama kioo chake, uso umemwiva.

"Miaka thelathini na minne nachimba meno kwa hicho kioo," akasema. "Miaka thelathini na minne!"

"Ndiyo maana jino langu haliponi," Bi Kalamu akasema.

"Ndani ya pete alikata nani?" Mthamini akauliza.

Bi Kalamu alibana kipande cha chuma kwenye jiliwa, akaligeuza, akachukua kalamu kutoka nyuma ya sikio, akakata jani moja kutoka nchani kuja shinani. Akaligeuza jiliwa tena, akakata jani jingine pembeni yake, safari hii bila kurudi nyuma. Akapuliza unga wa chuma na kusogea pembeni. Mthamini akainama. La kwanza kivuli kilikaa kushoto. La pili kivuli kilikaa kulia. Yote mawili yalikuwa majani ya bunduki ile, na hata mtoto angeona.

Ndipo aliposema. Alisema kuhusu macho, leseni, pazia, na ule ukucha wa kila jioni. "Alikuwa haoni na alinifundisha vizuri kuliko wenye macho," akasema. "Lakini kazi ni yangu."

Kaka yake alikuwa amegeukia ukuta. Daktari alivua glovu, akazikunja, akazikunjua.

"Miaka kumi na tisa nawaonyesha watu kazi ya baba yako," akasema kwa unyonge.

"Ulikuwa ukiwaonyesha kazi yangu, Daktari. Nami sikuwahi kukushukuru."

Mthamini hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ametoa kijitabu chake mkobani. Akafungua picha ya kwanza. "Hii?"

"Ya Baba."

"Ya pili?"

"Yangu. Na ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Zote zangu."

Alifunua ya saba, na hapo akasita kidogo. Chini ya picha hiyo, swala aliyelala, yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwamba mikato ni mizito na huenda ni ya msaidizi. "Hii nayo yako, bila shaka," akasema.

"Hiyo ni ya Baba kabisa," Bi Kalamu akasema, na sauti ikampanda. "Hiyo ndiyo bora kuliko zote zilizomo. Nilipoiona mara ya kwanza nililia, kwa sababu nilijua sitaifikia. Msaidizi gani? Futa maneno hayo!"

Mthamini akayafuta, kweli, kwa peni, pale pale. Kisha akakaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu, akachana fomu ya kwanza vipande viwili na kutoa nyingine. Alisema ataandika kile alichokiona kwa jicho lake, na kamati ikitaka kubisha ije ibishane na jiliwa.

"Jina kamili," akasema. "Siwezi kuandika Bi Kalamu."

Akamtajia. La kwake, la baba yake, la babu yake, kama lilivyo kwenye kila karatasi aliyowahi kupewa na serikali. Mthamini akaliandika kwa herufi kubwa. Jina lake likatangulia, la Mzee likafuata nyuma yake. Bi Kalamu aliisoma fomu mara nne kabla ya kutia sahihi, na furaha aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kiasi cha kumwonea haya kila mtu aliyekuwamo chumbani.

Alasiri alikwenda kwa Mama. Njiani alikuwa amejiandaa kwa kila aina ya ukali. Mama alikuwa pale pale, sweta jingine magotini, la bluu.

"Kaka yako amenipigia simu," Mama akasema. "Kwanza amesema umetuaibisha. Halafu amesema umefanya vizuri. Halafu simu ikakatika."

"Umekasirika, Mama?"

"Wameandikaje?"

Bi Kalamu akamsomea kwa kichwa, taratibu, majina yote matatu. Mama alisikiliza huku kidole chake kikiuzungusha uzi.

"Kwa hiyo baba yako yumo."

"Yumo, Mama. Hajatoka."

"Na babu yako? Yule mlevi aliyekuwa hawezi hata kunoa kisu, naye yumo?"

"Naye yumo."

Mama akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akaendelea kukunja uzi. Kitufe kilizunguka mkononi mwake mara tano, mara sita. Kisha mkono ukasimama.

"Na mimi?" akauliza.

Bi Kalamu alifungua mdomo. Alikaa chini kwenye mkeka, miguuni pa mama yake, akakipokea kile kitufe cha uzi.